Moshi wa Jiko la Kumi na Tisa

Masaba, karibu na Busia
8 Februari 1965

Mama Truphena mpendwa,

Jiko la kumi na tisa halina mpishi, na moto wake nauwasha mimi. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri, si rafiki yangu wa shule, na sasa naliandika kwa haraka, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Nina miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la Junia Two mwezi wa kumi na mbili uliopita, na mimi ni mtu wa haya sana, hata darasani nilikuwa nikijua jibu nakaa nalo mpaka kengele inalia. Naomba unijibu katika ukurasa wako wa gazeti kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu. Sababu nitaieleza, lakini lazima nianze na maji, la sivyo hutanielewa. Majina ya watu nimeyabadili yote.

Huku kwetu mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa kumi, tena kidogo kama inatutania, na kijito kinachotutenga na upande wa Kenya kimekauka mpaka mbuzi wanavuka bila kulowesha kwato. Imebaki chemchemi moja tu, nayo iko upande wetu wa Uganda. Kamati inayoisimamia imebaki na watu wawili, Mzee Okware, ambaye alifanya kazi ya reli pale Tororo miaka mingi akastaafu na kofia yake na filimbi yake, na Mama Agwang, mjane, jirani yetu. Wa tatu alikwenda Jinja kutafuta kazi na hajarudi.

Ukame ulipoanza Mzee Okware aliuliza kila mwenye nyumba ana watu wangapi ili agawe maji kwa haki, na alipomaliza kuuliza akakuta kijiji chetu kina watu wengi kuliko mji wa Tororo, kwa maana watu walihesabu watoto walioko bweni, wakahesabu na marehemu, na Mangeni alimhesabu mbwa wake anayeitwa Simba akasema ni mpwa wake kutoka Mbale. Mzee akakasirika akasema, "Watu nimechoka kuwauliza. Kuanzia leo nauliza mapaa." Ikawa sheria kwamba kila jiko linalotoa moshi jioni litapewa fungu moja asubuhi, na kila jiko likapewa kipande cha kibuyu chenye alama iliyochomwa kwa moto, na bila kipande hicho huchoti.

Sasa ilitakiwa apatikane mtu wa kupanda juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba yetu na kuhesabu moshi kila jioni, na Mzee akanichagua mimi, na sababu aliisema mbele ya watu wote. "Huyu mtoto hazungumzi na mtu. Hawezi kupanga njama hata akitaka." Watu wakacheka na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu, lakini moyoni nilifurahi sana, Mama Truphena, kwa sababu ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Tena ni kazi nzuri. Ukikaa juu pale unaona kijiji chote, na baada ya siku chache nikawa naujua moshi wa kila mtu, wa Mama Agwang ni mwembamba kwa kuwa anachoma magunzi, wa Mangeni ni mweusi kwa kuwa anachoma kila kitu.

Tulianza na majiko kumi na manane. Baada ya wiki mbili nikahesabu ishirini na manne, na hakuna aliyeoa. Nikamwambia Mzee, akaenda kukagua, na mimi nikamfuata na vipande vya vibuyu kikapuni. Kwa Mangeni kulikuwa na kijijiko kipya kisicho na ukuta upande mmoja.

"Mangeni, jiko hili la nani?"

"La mke wangu wa pili, mzee."

"Umeoa lini?"

"Bado. Jiko limetangulia."

"Na mbuzi aliyelala humu?"

"Anamsubiri."

Hata Mzee alicheka, lakini majiko yote sita ya uongo yalifungwa, na kwa kuwa Mangeni alikuwa ameanzisha mchezo huo akapewa adhabu ya kuzoa tope pale chemchemi siku saba. Tope ni jingi sana kwa sababu usiku maji yanajaa kwenye kidimbwi yanafurika juu ya jiwe na kumwagika mpaka asubuhi, mbuzi wanakuja kufurahi, halafu ikifika saa tatu sisi tunakwangua chini kwa kata.

Siku ya tatu ya adhabu ya Mangeni ndipo alipokuja shangazi yangu Akurut na mtungi wake. Shangazi ni dada ya baba, alizaliwa hapa kwetu, ila ameolewa ng'ambo ya kijito, na kutoka kwake hadi chemchemi si mbali kuliko kutoka kwetu. Miaka yote wanawake wa ng'ambo walichota hapa na hakuna aliyeuliza. Lakini Mzee alimsimamisha mbele ya watu, akamwambia, "Akurut binti yangu, moshi wako uko Kenya."

Shangazi akasema, "Moshi wangu, mzee, unavuka kijito kila jioni bila kuulizwa pasi."

Watu wakacheka, lakini Mzee akasema moshi unaweza kuvuka, maji hayavuki, ndivyo kamati ilivyoamua. Shangazi hakugombana. Aliweka mtungi mtupu kichwani, na mtoto mchanga mgongoni, akasema, "Haya. Lakini hilo jiwe unalosimama juu yake nililibeba mimi, wakati huo hata meno ya mbele sina. Lisalimie." Akaenda zake. Kutoka kwake hadi mto ambao bado una maji ni maili tatu, na ana watoto sita.

Jioni hiyo nilipanda kichuguu nikauona moshi wake, mweupe, karibu sana, umevuka kijito na kupita juu ya chemchemi yetu, na mimi sina ruhusa ya kuuhesabu. Nikashuka, nikaingia katika jiko la marehemu bibi, ambaye ndiye mama yake shangazi, nikafagia majivu ya zamani nikawasha moto, nikapanda tena nikahesabu kumi na tisa. Mzee akaniuliza la kumi na tisa ni la nani, nikasema la bibi. Akauliza nani anapika humo. Sikujibu. Na kwa kuwa mimi huwa sijibu, alidhani ni haya tu, akasema bila shaka baba yako amepata wageni, akanipa kibuyu. Mama akiuliza juu ya moto namwambia nafukuza mchwa kwenye paa la bibi, na kweli mchwa wamepungua.

Mwenye kuhesabu huchota mwisho, watu wakiwa wameondoka, kwa hiyo hakuna anayeniona. Naweka fungu la jiko la bibi kwenye debe jekundu la kamati, ambalo Mzee alilipaka rangi mwenyewe, nalipeleka mpaka kwenye kijito naliacha chini ya kichaka upande wa ng'ambo, na baadaye Mildred, binti mkubwa wa shangazi, anayepita hapo, analichukua bila kujua nani ameliacha, halafu nalikuta pale pale limeoshwa.

Sasa sikiliza kosa lililotokea. Shangazi alilitambua lile debe, akaamini kwamba Mzee Okware ameona haya kwa ajili ya lile jiwe na sasa anampelekea maji kwa siri. Akaanza kumshukuru. Kwanza alimtuma Mildred na mihogo mikavu, kisha karanga za kusaga, kisha jogoo mwekundu, na kila mara Mildred anasema, "Mama anasema asante, na anasema wewe unajua ni ya nini." Mzee hajui ni ya nini hata kidogo, lakini alipokea vyote. Jogoo alimla. Na tangu hapo amekuwa mtu mwingine, anasalimia watoto, anang'arisha filimbi kwa majivu, anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mildred ameniambia kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, baada ya kanisa, shangazi atakuja na wanawake wote wa ng'ambo kumwimbia Mzee pale chemchemi mbele ya kijiji kizima. Watataja maji na debe. Mzee atauliza maji gani, na watu wote watageuka kumtazama msichana mwenye kikapu cha vibuyu. Hata nikikosa usingizi najiona nimesimama pale.

Tena kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Fungu la kumi na tisa linapunguza kata mbili kwa kila jiko, nimepima. Juzi Mama Agwang alitia kidole ndani ya mtungi wake akasema, "Zamani yalifika shingoni. Sasa yanaishia kifuani." Nikageuka pembeni. Na Mangeni alipomaliza siku yake ya saba alinipita na jembe begani akasema, "Sawa, mimi nimezoa tope. Lakini huyu anayetuhesabu, yeye nani anamhesabu?" Alisema kwa mzaha, lakini mimi sikuweza kula.

Nikizima moto watoto wa shangazi watarudi kwenye maili tatu. Nikiuacha, kila siku nawapunja wenye majiko kumi na saba walioniamini kwa sababu sisemi. Nifanye nini, Mama Truphena, na nimwambie nani, na nitamwambiaje wakati hata kuagiza chumvi dukani natuma mdogo wangu?

Wako,
Msichana wa Kichuguu

*

MAMA TRUPHENA ANAJIBU

Binti yangu wa kichuguu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na lisilochekesha. Ulipotaka kumpa shangazi yako maji, hukumpa ya kwenu peke yake. Ulimpa ya Mama Agwang, kata mbili, na ya majirani wengine kumi na sita, na hakuna hata mmoja uliyemwomba. Kama ungebeba nusu ya debe la nyumbani kwenu ukalipeleka kijitoni, ningekusifu hapa mbele ya wasomaji wote. Na usinidanganye kwamba hukusema uongo kwa kuwa ulikaa kimya. Mzee alikuuliza swali, ukamwachia haya zako zijibu. Ulijua zitajibu nini. Hiyo nayo ni kusema.

Halafu kuna huyu Mangeni. Simjui na nampenda tayari. Yeye aliwasha moto wa uongo kwa ajili ya mbuzi, wewe uliwasha wa uongo kwa ajili ya watoto sita. Sababu zenu hazifanani, nakubali. Lakini yeye alizoa tope siku saba na wewe ulimtazama ukiwa juu.

Sasa nipumue, nikwambie na upande wa pili. Sheria ya mzee wenu ni ya mtu mwenye akili aliyechoka kudanganywa, na ina tundu kubwa, nawe umeliona kabla ya wazee. Moshi unaonyesha sufuria, hauonyeshi walio na njaa kuizunguka. Tena unakoma kijitoni, wakati jiwe la chemchemi lilibebwa na mtoto ambaye leo anaishi ng'ambo. Serikali zimekuwa mbili juzi tu, na ni sawa, tulishangilia. Lakini sijasikia kwamba siku ile ya bendera mtu alitangaziwa kuwa shangazi yake amekuwa mgeni. Uliona jambo la haki, ukalifanya kwa mlango wa nyuma. Sasa lipitishe mlango wa mbele.

Na nikuulize, mtoto uliyesoma mpaka Junia Two. Umeniandikia kurasa nne juu ya kata mbili, na katikati, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, ukataja kwamba kila usiku maji yanafurika juu ya jiwe na kumwagika mpaka asubuhi. Usiku kucha. Nani anayahesabu hayo? Ninyi mnapimana kata mchana, na usiku mbuzi wanakunywa fungu la jiko la ishirini, na la ishirini na moja, na la thelathini. Hamna uhaba wa maji kama mnavyodhani. Kidimbwi chenu ndicho kidogo. Wanaume na wanawake wa pande mbili wenye majembe wanaweza kuchimba cha pili chini yake kwa muda wa siku chache, na maji ya usiku yakapata mahali pa kulala.

Kuhusu Mzee Okware, msikitikie kidogo. Mtu aliyeuliza tiketi za abiria miaka yote hiyo amekula jogoo bila tiketi, na anajua. Unafikiri anang'arisha filimbi kwa furaha tu? Anaogopa Jumapili hiyo kuliko wewe. Wewe angalau unajua wimbo utahusu nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo jioni usiwashe moto kwa bibi. Mpaka mambo yatengenezwe, mpelekee shangazi nusu ya maji ya kwenu, na umweleze mama yako sababu, na hiyo hadithi ya mchwa iishe. Kisha nenda kwa Mzee na Mama Agwang, wote wawili pamoja, mchana, kabla ya Jumapili. Mama Agwang asikose, maana mtungi ni wake. Kama ulimi utakataa, andika kwenye karatasi, unaandika vizuri kuliko wengi wanaoniletea barua hapa, lakini usome mwenyewe kwa sauti. Usimtupie karatasi ukakimbia. Sema kosa lako, omba siku zako saba za tope, halafu papo hapo waambie habari ya maji ya usiku.

Wimbo usiuzuie. Mzee ameshukuriwa kwa jambo jema ambalo hakulitenda, na bado ana siku kadhaa za kulitenda. Mpe nafasi hiyo. Ni watu wachache wanaoipata. Na shangazi yako si lazima ajue kila kitu mwaka huu.

Ukimaliza, niandikie. Nataka kujua habari za jogoo.

Mama Truphena

*

Masaba
29 Machi 1965

Mama Truphena mpendwa,

Umetaka habari za jogoo, na mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu sijui nianze wapi.

Mama nilimwambia siku ile ile gazeti lilipofika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akamimina nusu ya debe letu na kunifungulia mlango. Kwa kamati nilikwenda Alhamisi. Niliwakuta wote wawili wanapima kina kwa fimbo, nikasimama nyuma yao muda mrefu mpaka Mama Agwang akageuka akasema, "Wewe, umetumwa au umepotea?" Nikatoa karatasi nikasoma. Mstari wa tatu niliusoma mara mbili. 

Mama Agwang ndiye aliyeanza. "Kata mbili?"

"Mbili, mama."

"Na mimi nilidhani mtungi wangu unavuja. Nimeuziba kwa nta, nimeuweka juani, nimeutukana."

Mzee Okware alivua kofia akaitazama ndani, kama jibu limeandikwa humo. "Yule jogoo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mke wangu nilimwambia ni heshima ya kazi." Akairudisha kofia kichwani. "Nilijua sijafanya kitu. Nikajiambia, labda nilifanya nikasahau."

"Ulisahau kwa muda gani, Okware?" Mama Agwang akamuuliza.

"Mpaka mifupa."

Mama Agwang alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Mimi sikuthubutu, lakini Mzee mwenyewe alipoanza kucheka nami nikacheka, na nadhani ni mara ya kwanza watu wale kusikia kicheko changu. Alinipa siku saba za tope, sawa na Mangeni, na kwa siku hizo saba Mama Agwang apewe kata mbili kutoka fungu la kwetu. Majirani wengine akawaambia pale kwenye mstari asubuhi iliyofuata kwamba jiko la kumi na tisa lilikuwa kosa katika hesabu, limefungwa, na aliyekosea ndiye huyu mwenye jembe. Hakusema zaidi. Walinitazama kidogo. Halafu kila mtu aliangalia mtungi wake umefika wapi.

Mangeni aliponiona topeni alikuja mwenyewe bila kuitwa. "Karibu kazini," akasema. "Wewe uliwasha la nani?" Nikazidi kuzoa. "Basi usiseme. Shika mpini huku juu, utatoka malengelenge." Yeye ndiye aliyetuonyesha mahali pa kuchimba kidimbwi cha pili, kwa sababu baada ya siku zake saba hakuna mtu anayelijua lile tope kama yeye. Alisema chini ya tope kuna udongo mgumu wa mfinyanzi hatua nne kutoka kwenye jiwe, na ukweli ulikuwa hivyo.

Jumapili wanawake wa ng'ambo walivuka kijito wakiimba, eyalama, eyalama, asante, asante, na shangazi mbele na mtoto mgongoni. Mzee alipanda juu ya jiwe akapuliza filimbi. Wakanyamaza. Nilikuwa nimeshika kikapu cha vibuyu kwa mikono miwili.

Akasema, "Shukrani zenu zimefika mapema kuliko kazi yenyewe. Kwa hiyo kazi inaanza kesho asubuhi. Majembe kutoka pande zote mbili, na anayechimba anachota."

Shangazi akauliza, "Na moshi wetu, mzee?"

"Moshi wenu nimeuona. Umekuwa ukivuka kila jioni bila pasi na sijaukamata." Kisha akashuka, akagusa lile jiwe kwa mguu. "Akurut, jiwe linakusalimu."

Shangazi hakuweza kuendelea kuimba, wengine wakamwimbia.

Tulichimba siku tano. Wanaume wa ng'ambo walileta mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe, wanawake wakayapanga, na kwa kukandika ndani tulihitaji udongo usiopitisha maji, na wewe unajua huku kwetu udongo huo unatoka wapi. Walichimba kichuguu changu, Mama Truphena. Sasa kimebaki nusu. Nikisimama juu yake natazama kwa kunyanyua visigino, lakini naona mpaka ng'ambo, na jioni nahesabu majiko ishirini na saba, kumi na manane yetu na tisa yao.

Siku ya kugawa upya nilisema. Kwa mdomo, bila karatasi. Nilisema kwamba jiko lenye midomo kumi lisipewe sawa na jiko lenye midomo miwili, na kwamba sasa hakuna haja ya kudanganya idadi kwa sababu maji ya usiku yanatosha. Sauti ilikuwa ndogo, Mzee akapuliza filimbi watu wakanyamaza nikarudia. Mama Agwang akasema mtoto amesema. Mangeni akauliza kama Simba yumo. Akaambiwa hayumo, lakini maji ya kusuuzia mitungi tumeyachimbia mfereji kwa chini, na humo Simba anakunywa na mbuzi wote, bila kibuyu.

Asubuhi ya kwanza tuliyokuta vidimbwi vyote viwili vimejaa, kila mtu alitaka kuchungulia kwanza. Mama Agwang alijaza mtungi wake mpaka shingoni, akatia kidole, akaulamba. Halafu akaunyanyua akaenda zake akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya sana. Mvua imeanza juzi, na hata hivyo watu wanakuja tu kuangalia.

Sasa nabaki na ombi moja, na hili si kwako peke yako, ni kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Shangazi bado anaamini kwamba ni Mzee Okware aliyekuwa akipeleka debe. Anawasimulia watoto wake jinsi mzee wa umri ule, na goti lile bovu, alivyokuwa akijipenyeza vichakani na debe kichwani, na watoto wanamwigiza, na mimi nakaa pale natazama vidole vyangu vya miguu. Mzee ameshampelekea jogoo mwingine, mkubwa kuliko yule. Aliniita kando akaniambia, "Binti, umenivisha sifa ambayo sasa inanibidi niifanyie kazi kila siku. Nimeanza kuizoea. Usinivue."

Nami nimemwahidi. Majina nimeyabadili, lakini rangi ya debe sikuweza kuibadili, ni jekundu na litabaki jekundu, na sasa Mildred ameanza kumsomea mama yake gazeti kila Jumamosi. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unakaa karibu na kijito na umelitambua debe hilo, nakuomba sana, kunja ukurasa huu uufungie sabuni au karanga. Na ukikutana na mwanamke mwenye mtungi uliojaa, akakusimulia habari za mzee mmoja wa reli mwenye moyo mwema, mkubalie. Usimwambie kwamba nilikuwa mimi.